Shajara ya mradi: kabureta ya CG 150 baada ya kufunga eksozi ya spoti, Moshi

Aprili, kabla ya kufungua chochote

Pikipiki ninayoiandikia shajara hii ni ya Kichina, sisi (cc) 150, yenye injini ya silinda moja inayopozwa na upepo, ya ukoo wa CG. Honda waliuanzisha ukoo huo mwaka 1976 kwa CG125, na baadaye viwanda vya China vikaufuata kwa wingi, ndiyo maana spea zake hazimsumbui mtu hata akiwa Himo au Boma Ng'ombe. Valvu zake husukumwa na fito zinazopanda kutoka chini ya silinda, hakuna cheni ya kemshafti, na kabureta yake ni ya slaidi (mlango wa hewa unaopanda na kushuka), ya milimita 26, ambayo mtu anaweza kuifungua yote mezani kwa bisibisi mbili na spana moja.

Eksozi ya asili ilikuwa imeliwa na kutu upande wa chini, na viraka vya kuchomelea vilikuwa vimezidi bati lenyewe. Nimenunua ya spoti, yenye bomba la mbele pana kidogo kuliko la kwanza na mafla fupi ambayo ndani yake kuna kizibo cha kupunguza sauti, kinachoshikwa na skrubu moja. Fundi wangu wa Majengo, mtu mzima ambaye kwenye klachi na valvu namwamini kuliko mtu mwingine yeyote mjini hapa, aliitazama ikiwa bado kwenye boksi akasema, "Kijana wangu, hapo weka jeti 110 umalize kazi. Eksozi ya spoti inakunywa." Jeti ni kipande kidogo cha shaba chenye tundu la kupimia petroli ndani ya kabureta. Nilimwomba, "Mzee, tuanze na ndogo kwanza, tukiona haitoshi tutapanda." Alicheka, akaniruhusu nitumie meza yake.

Sababu ya kumwomba hivyo ni ya kimahesabu, na ndiyo hasa ninayotaka kuipima katika mradi huu. Injini ya mipigo minne, mwishoni mwa mpigo wa kutoa moshi, hupitia kipindi kifupi ambacho valvu zote mbili ziko wazi kwa pamoja. Moshi unaotoka kwa kasi katika bomba lisilobana huacha mvuto nyuma yake, na mvuto huo husaidia kuingiza hewa mpya. Hewa ikiongezeka, kabureta nayo huongeza petroli, kwa kuwa hupima petroli kwa mvuto wa hewa inayopita kooni mwake. Lakini haiongezi kwa uwiano uleule katika kila kiwango cha kuvuta mafuta, na pikipiki nyingi za leo zimetoka kiwandani zikiwa zimebaniwa petroli hadi ukingoni ili zifaulu vipimo vya moshi. Petroli huungua yote kwa uwiano wa takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, zikipimwa kwa uzito, ilhali nguvu kubwa zaidi hupatikana karibu na 12.5 hadi 13. Katika shajara hii nitaita mchanganyiko "mzito" ukiwa na petroli nyingi na "mwepesi" ukiwa na petroli chache. Eksozi mpya, kwa kawaida, huusogeza upande wa wepesi.

Mwinuko hufanya kinyume. Moshi mjini ni zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, Arusha mjini ni takriban mita 1,400, na lango la Marangu la kupandia Kilimanjaro limepita mita 1,800. Hewa ikipungua uzito, petroli inayovutwa na kabureta hupungua pia, lakini kwa nusu tu ya kiwango hicho: hewa ikipoteza asilimia 10, petroli hupungua kwa asilimia 5 hivi, na tofauti inayobaki hugeuka kuwa uzito wa mchanganyiko. Kwa wastani, hewa ya Moshi ina upungufu wa asilimia 7 au 8 ikilinganishwa na ya Tanga, kwa hiyo kabureta iliyopimwa kwa ajili ya nchi tambarare ya pwani inakuwa nzito kwa karibu asilimia 4 ikifika hapa. Jeti kuu iliyomo ni namba 98, yaani tundu la milimita 0.98, na kwa kuwa petroli hufuata eneo la tundu, kutoka 98 kwenda 100 ni nyongeza ya asilimia 4 tu, kwenda 102 ni 8, na kwenda 110 ni 26. Kwa maneno mengine, 98 ikiwa Moshi ni sawa na 100 ikiwa pwani. Eksozi inadai petroli, lakini sehemu ya deni hilo mlima umeshalilipa.

Kabla ya kugusa kabureta nimeweka msingi. Nafasi ya valvu nimeiweka milimita 0.08 zote mbili injini ikiwa baridi, nimefunga plagi mpya ya D8EA yenye mwanya wa milimita 0.7, nimeosha filta ya sponji na kuipaka oili kidogo, na nimekagua floti (boya la kabureta) kama haijajaa petroli ndani. Mtu asiyefanya haya atakuwa anarekebisha kabureta ili ifiche ugonjwa wa valvu. Kwa eksozi ya zamani, viraka na yote, pikipiki imekwenda kilomita 41 kwa lita katika mchanganyiko wa mjini na barabara kuu. Namba hiyo nitairudia mwishoni.

Mei, kufunga eksozi

Kufunga kwenyewe hakukuwa na hadithi. Jambo pekee linalostahili kuandikwa ni gasketi ya shaba inayokaa kati ya bomba na hedi (kichwa cha silinda): ni ya kubonyea mara moja, na ikishabonyea haikai tena sawasawa kwenye bomba lingine. Mpya ni bei ya soda. Nati mbili za shingo nimezikaza kwa zamu, nusu mzunguko huku na nusu mzunguko kule, ili shingo isikae upande.

Mara baada ya kuwasha, dalili zilijitokeza kama nilivyotarajia. Nikiachia mafuta kwenye mteremko wa kuelekea Karanga, eksozi inapasuka pasuka kama mahindi kwenye kikaango; nikivuta kidogo kutoka kusimama, injini inasita kabla ya kuitika; lakini nikivuta mafuta yote inakwenda vizuri, tena vizuri kuliko zamani. Bomba la mbele limepata rangi ya dhahabu iliyoingiana na buluu karibu na hedi, jambo ambalo kwa bomba la kromi lenye ukuta mmoja ni la kawaida na peke yake halithibitishi kwamba injini inaungua kwa wepesi.

Milipuko hiyo ya kuachia mafuta ina vyanzo zaidi ya kimoja, na ni vyema kuondoa vya nje kwanza. Injini ikiwa katika sailensa, yaani ikiunguruma yenyewe bila kuvutwa mafuta, nilikunja kitambaa kizito kilicholowa maji nikaziba mdomo wa mafla kwa sekunde chache. Eksozi isiyovuja hubana na injini hutaka kuzima. Inayovuja hutoa mlio wa "fyuu" kwenye maungio. Shingoni palikuwa kimya, lakini ungio la bomba na mafla lilikuwa linapuliza. Klipu ilikuwa imekaa juu ya mkato wa bomba badala ya nyuma yake. Nimeisogeza, nikakaza, na mlio umekwisha. Hewa inayoingia pale hukutana na petroli isiyoungua ndani ya bomba la moto na kuwaka humo. Upande wa kuingizia, nilinyunyiza maji kidogo kidogo kuzunguka oringi na mpira unaoshika kabureta huku nikisikiliza kama mwendo wa injini utabadilika. Haukubadilika.

Pikipiki mpya zaidi zina mpira mwembamba unaopeleka hewa safi kwenye tundu la kutolea moshi ili kusafisha moshi, na hizo hupasuka pasuka hata kabureta ikiwa sawa. Yangu haina mpira huo, kwa hiyo kilichobaki ni cha kabureta yenyewe.

Mei, mwisho wa mwezi: sailensa

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi, na naamini ndipo penye kazi halisi kwa mtu yeyote anayefunga eksozi ya spoti kwenye pikipiki ya kazini. Watu huuliza jeti kuu tu. Lakini jeti kuu hutawala kuanzia mafuta yakiwa yamevutwa robo tatu hadi mwisho, na anayezunguka kati ya stendi ya Moshi, Soweto na hospitali ya KCMC hafiki huko ila akitaka kuwahi. Kuanzia sailensa hadi karibu robo, mwenye kauli ni jeti ndogo na skrubu yake. Kuanzia robo hadi robo tatu ni sindano, ule ufito mwembamba unaoning'inia kwenye slaidi. Pikipiki huishi huko chini.

Kabla ya kuizungusha skrubu ya mchanganyiko ni lazima kujua ni ya aina gani, kwa sababu zipo mbili na zinafanya kazi kinyume. Ikiwa imekaa upande wa filta, nyuma ya slaidi, ni ya hewa: ukiikaza, hewa inapungua na mchanganyiko unakuwa mzito. Ikiwa imekaa upande wa injini, mbele ya slaidi, ni ya petroli: ukiikaza, petroli inapungua. Ya kwangu iko upande wa filta.

Utaratibu niliofuata ni huu. Niliendesha hadi Kiboriloni na kurudi ili injini ipate moto kamili, kwa kuwa sailensa ya injini baridi haimfundishi mtu kitu. Nilikaza skrubu taratibu mpaka ikakaa, bila kuilazimisha, maana ncha yake ni nyembamba na ikibonyezwa kwa nguvu huharibu kiti chake ndani ya mwili wa kabureta, na hapo hakuna spea ya kuokoa. Kisha niliilegeza mzunguko mmoja na nusu, nikaweka sailensa kwenye mizunguko 1,400 kwa dakika kwa kutumia kile kipimo kidogo cha kuzungushia waya kwenye waya wa plagi. Kuanzia hapo niliisogeza skrubu robo kwa robo, kila mara nikisubiri injini itulie, nikitafuta mahali ambapo mwendo unakuwa juu na laini kuliko pengine pote.

Mahali hapo palikuwa nusu mzunguko tu kutoka kwenye kukaa. Hilo ni jibu lenye maana: injini ilikuwa inataka hewa ipunguzwe karibu yote, yaani jeti ndogo haitoshelezi. Kama pangekuwa kati ya mzunguko mmoja na miwili na nusu, jeti iliyomo ingekuwa sahihi na skrubu ingemaliza kazi. Kama pangekuwa mbali zaidi ya hapo, jeti ingekuwa kubwa mno. Jeti ndogo ya kiwandani ilikuwa 35. Nimeweka 38, nikarudia utaratibu wote, na sasa mahali bora pamekuja kwenye mzunguko mmoja na robo.

Milipuko ya kuachia mafuta imekwisha, isipokuwa mmoja mmoja mwepesi nikishuka gia ya pili kwa kasi, na kusita kwa kuondoka kumepungua kwa kiasi kikubwa ingawa hakujaisha. Jeti kuu bado ni ile ile 98. Fundi alipanda pikipiki hadi Pasua na kurudi, akashuka akaitazama kabureta, asiseme neno juu ya 110.

Juni, jeti za dukani

Nimenunua jeti kuu nne, 100, 102, 105 na nyingine ya 102, katika maduka mawili tofauti, moja Moshi na jingine Arusha upande wa Kilombero. Muuzaji wa Moshi alizitoa kwenye kikopo cha filamu, zimechanganyika na skrubu, akanihakikishia, "Mangi, namba ni namba, zote zinatoka sehemu moja." Zilivyokuwa zimechongwa, sikuwa na hakika hiyo.

Nilitengeneza kipimo cha nyumbani. Nilichukua bomba la sindano la mililita 60, nikalitoa kijiti cha kusukumia, nikalifunga wima kwenye mguu wa meza likiwa na kipande cha mpira mdomoni, na ndani ya mpira nikabana jeti ikitazama upande uleule inavyotazama ndani ya kabureta. Nilimimina mafuta ya taa, ambayo ni salama zaidi kuliko petroli kwa kazi ya namna hii, nikaziba kwa kidole, kisha nikaachia na kuanza kuhesabu muda kwa simu mpaka yalipofika kwenye alama ya chini. Kipimo kama hiki hakitoi ukweli kamili wa jeti. Kinalinganisha jeti na jeti nyingine, na hilo lilinitosha.

Jeti ya kiwandani ya 98 ilitumia sekunde 84. Ile ya 100 ilitumia 81, na 102 ya kutoka Arusha 78, namba ambazo zinakubaliana na hesabu ya eneo la tundu. Ile ya 105 ilitoa 73. Lakini 102 ya kikopo ilitumia sekunde 86, yaani ni ndogo kuliko 98 niliyoanza nayo. Nilipoiweka mbele ya tochi niliona kinyuzi cha shaba kimeachwa na msumeno kwenye mdomo wa tundu. Mtu aliyefunga jeti ile angeamini ameongeza petroli kwa asilimia 8, kumbe ameipunguza, na pengine angemaliza wiki nzima akilaumu eksozi.

Nimeona pia, si mara moja, jeti zilizopanuliwa kwa waya wa breki au sindano ya cherehani. Tundu la jeti ni laini na lina mdomo uliochongwa kwa pembe maalumu. Waya huacha mikwaruzo na umbo la yai, na kipimo chake hakirudii tena namba yoyote. Kwa bei ya jeti mpya, sioni sababu ya kufanya hivyo, na kwa jeti iliyoziba petroli safi na upepo wa kompresa vinatosha.

Juni, sindano

Kusita kulikobaki kulikuwa kati ya robo na nusu, nikiwa natoka polepole kwenye tuta kwa gia ya tatu. Sindano ya kabureta hii ina mikato mitano, na klipu ilikuwa kwenye mkato wa katikati. Kushusha klipu mkato mmoja hupandisha sindano, na sindano ikipanda, pengo kati ya ncha yake na kiti huongezeka na petroli huongezeka. Nimeiweka mkato wa nne kutoka juu.

Jaribio nimelifanya kwenye barabara ya kupanda Kibosho, ambako mtu anaweza kushikilia nusu mafuta kwa muda mrefu bila kwenda kasi ya kutisha. Mkono wa mafuta niliutia alama kwa vipande vya gundi ya karatasi: robo, nusu, robo tatu na mwisho. Bila alama hizo mtu hujidanganya, maana mkono unaoamini umefika nusu mara nyingi umefika theluthi tu. Kwa mkato wa nne pikipiki inapanda bila kusita. Kwa mkato wa tano, ambao niliujaribu ili kujua mpaka, ilianza kutoa sauti nzito ya kukohoa na moshi ukawa na harufu kali ya petroli. Nimerudi wa nne.

Wenye sindano ya mkato mmoja, kama ilivyo kwenye pikipiki nyingi za masoko yenye sheria kali za moshi, hupata matokeo hayohayo kwa kuweka washa nyembamba ya nusu milimita chini ya klipu.

Julai, jeti kuu

Nimechagua barabara ya kwenda kiwanda cha sukari cha TPC, sehemu iliyonyooka kati ya mashamba ya miwa, asubuhi mapema kabla ya malori ya miwa kujaa. Jaribio la mafuta yote nimelifanya kwa gia ya tatu, ambayo hufikisha injini kwenye mzigo na mizunguko inayotakiwa huku kasi ikibaki ya mtu mwenye familia.

Kuna njia mbili za kusoma. Ya kwanza ni ya kuhisi: ukiwa umevuta mafuta yote, punguza kidogo sana, na ikiwa injini inaongeza nguvu badala ya kupunguza, jeti ni ndogo. Ya pili ni ya plagi mpya: endesha kwa mafuta yote kwa umbali wa kutosha, kisha bana klachi na kuzima swichi kwa wakati mmoja, achia mafuta, jikokote hadi kando ya barabara, toa plagi. Kinachosomwa si ncha, ambayo hubadilika rangi kwa haraka mno, bali ni pete ndogo iliyo chini kabisa ya kauri, mahali inapokutana na chuma, na inahitaji kioo cha kukuzia na mwanga wa jua.

Kwa 98 pikipiki iliongeza nguvu kidogo nilipopunguza, na pete ya plagi haikuonekana kabisa. Kwa 105 ilivuta vibaya juu kabisa, ikitetemeka kama iliyofungwa mzigo, na kauri ilitoka na masizi meusi. Kwa 102 ya Arusha ilikwenda vizuri sana, pete ikiwa ya kahawia inayosomeka. Kwa 100 ilikwenda vizuri vilevile, na pete ikawa nyembamba zaidi lakini ipo. Kwa Moshi pekee ningeacha 102. Lakini siendeshi Moshi pekee, na asubuhi za Julai ni baridi. Hewa baridi ni nzito, hivyo mchanganyiko nilioupima ni mwepesi kidogo kuliko utakavyokuwa mchana wa Januari kwa jeti ileile.

Julai, Marangu na Arusha

Nilipanda Marangu na 102 kwanza. Mpaka Marangu Mtoni hakuna lililobadilika, lakini kutoka hapo kuelekea langoni pikipiki ilianza kuwa mzito kwenye mafuta yote, hasa kwenye kona za gia ya pili, na nilipopunguza mafuta ilipumua. Kutoka Moshi mjini hadi langoni hewa hupungua kwa karibu asilimia 10, kwa hiyo mchanganyiko huongezeka uzito kwa asilimia 5 hivi, zaidi ya namba nzima ya jeti. Nilisimama kando ya duka, nikaachia petroli ya bakuli la kabureta kwenye chupa, nikafungua skrubu ya chini, nikaweka 100. Hali ilibadilika papo hapo. Sailensa nayo ilikuwa imelemaa kidogo huko juu; robo mzunguko wa kulegeza skrubu ya hewa uliirudisha.

Arusha, ambako mwinuko uko katikati, 100 imekaa vizuri sana. Nimepita Tengeru, nikazunguka hadi Ngaramtoni, na sikuona sababu ya kugusa kitu. Kwa mtu anayeishi Arusha moja kwa moja, mwenye injini na eksozi za namna hii, nadhani 98 ya kiwandani ingefaa kabisa kama jeti kuu, na kazi yake ingekuwa kwenye jeti ndogo na sindano peke yake. Ndiyo maana ushauri wa namba unaosafiri kutoka Dar es Salaam kwa simu huharibu pikipiki nyingi za huku juu.

Kwa sasa 100 ndiyo inayobaki.

Agosti

Nimejaribu kutoa kizibo cha mafla. Kelele imepanda hadi jirani akaja kuuliza kama kuna tatizo, nguvu juu kabisa imeongezeka kidogo, na nguvu ya chini, ile ya kuanza na gunia la ndizi nyuma, imepungua waziwazi. Milipuko ya kuachia mafuta ilirudi. Kizibo nimekirudisha siku hiyohiyo, na skrubu yake nimeitia gundi ya nyuzi ili isilegee.

Kwa kizibo kikiwa ndani, mzunguko wangu wa kawaida sasa unanipa kilomita 39 kwa lita, mbili pungufu ya zamani. Sehemu ya tofauti hiyo ni jeti, na sehemu, nakiri bila kulazimishwa, ni mkono wangu kufurahia eksozi mpya.

Septemba, kushuka Tanga

Safari ya Tanga ilikuwa na shughuli yake, lakini niliitumia kuipima hesabu ya Aprili kwa upande wa pili, yaani kushuka. Nilibeba 102 ya Arusha na bisibisi fupi mfukoni. Kutoka Himo hadi Same barabara hushuka na kupanda kidogo bila kupoteza mwinuko mkubwa, na pikipiki ilikwenda kama ilivyo Moshi. Baada ya Mombo, nchi ikiwa imeshuka sana na joto limepanda, injini ilianza kuwa kali: nikivuta yote kisha nikapunguza kidogo, iliongeza nguvu, dalili ileile niliyoiona kwa 98 kwenye barabara ya TPC. Plagi niliyoitoa Korogwe ilikuwa nyeupe kuliko ya kwangu ya kawaida. Nilibadilisha jeti papo hapo, chini ya mwembe, na kuanzia Segera hadi Tanga mjini dalili hiyo haikurudi.

Skrubu ya hewa niliikaza robo mzunguko, sindano sikuigusa. Wakati wa kurudi nilibadilisha jeti nikiwa Same, kabla ya kuanza kuliona joto likipungua.

Ndani ya kifuniko cha ubavu wa kushoto nimebandika karatasi iliyofunikwa kwa selotepu: jeti ndogo 38, sindano mkato wa nne, skrubu ya hewa mzunguko mmoja na robo; jeti kuu 100 kwa Moshi, Marangu na Arusha; 102 kuanzia Mombo kushuka. Fundi ameisoma, akaomba nimwandikie ya kwake ya kubandika ukutani, ila amesisitiza mstari wa Tanga niuandike kwa wino mwekundu.